Kitanda cha mwaloni cha miaka mia moja: tulivyokisaka Syracuse

Anayetaka kitanda cha zamani cha mtindo wa Arts and Crafts, ule wa mbao halisi, ufundi unaoonekana na urembo kidogo, aanze na futi kamba, uzuri utafuata. Vitanda vya aina hiyo vilivyotengenezwa Marekani kati ya 1900 na 1920 vingi ni vya saizi ya robo tatu, yaani upana futi 4 kwa urefu wa futi 6 na inchi 3, au vya saizi ya "full", ambayo ina upana wa futi 4 na nusu kwa urefu uleule. Saizi ya "queen", futi 5 kwa futi 6 na inchi 8, ambayo wanandoa wengi hapa wanailalia sasa, ilienea baada ya miaka ya 1950. Kwa hiyo ukiona tangazo la "queen halisi ya 1910", ama kitanda kimeongezwa, ama ni cha juzijuzi, ama muuzaji hajawahi kukipima. Sisi wa kwetu tunaosema nne kwa sita na tano kwa sita tuna nafuu hapo, maana tumezoea kuuliza futi kabla ya bei.

Tulianza kutafuta mwaka tuliohamia kwenye nyumba yetu hapa Syracuse, jimbo la New York. Ni nyumba ndogo ya miaka ya 1920, yenye fremu za milango na kabati la ukutani vya mwaloni uliokolea rangi. Kitanda tulichokuja nacho kilikuwa cha mbao za unga, vile vinavyoletwa ndani ya boksi na kifunguo chake. Kilivumilia kuhama mara ya kwanza. Mara ya pili skrubu zikakosa pa kushika, kikawa kinalia usiku kucha. Mke wangu amekulia nyumba yenye kitanda cha mvule kilicholaza watu kabla hajazaliwa. Akasema, "Baba Nuru, mimi kitanda cha boksi sinunui tena."

Mji wenyewe nao ulitusukuma. Gustav Stickley alikuwa na karakana yake Eastwood, upande wa mashariki wa Syracuse, na kuanzia 1901 hadi 1916 alichapisha jarida lake, The Craftsman, lililoeneza Marekani mawazo ya William Morris na wenzake wa Uingereza: mbao ziwe mbao kweli, ufundi uonekane, urembo upunguzwe. Alifilisika mwaka 1915. Ndugu zake Leopold na John George walikuwa na kiwanda Fayetteville, hapo jirani, na jengo la kiwanda hicho leo ni maktaba ya umma. Ukiishi huku, jina Stickley utalisikia kila unapotaja samani.

Na jina hilo ndilo mtego wa kwanza. Walikuwa ndugu watano, wote wakatengeneza samani: Gustav, Leopold na John George niliowataja, Albert aliyekuwa Grand Rapids huko Michigan, na Charles aliyekuwa Binghamton. Vitu vya Gustav ndivyo vinavyotafutwa zaidi. Vya Albert na Charles mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Kisha mwaka 1974 Alfred na Aminy Audi waliinunua kampuni ya Leopold, na mwaka 1989 ikaanza kutoa upya mitindo ya zamani. Hivyo kuna vitanda vya Stickley vya miaka ya 1990, vizito, vya mwaloni safi, tena vya saizi ya queen, vinavyozunguka kwenye matangazo vikiitwa vya kale. Ni vitanda vizuri. Kwa anayetaka kulala vizuri bila usumbufu, hivyo ndivyo ningemshauri. Lakini bei yake isiwe ya kitu cha 1908.

Nembo inasaidia kiasi. Ya Gustav ina mchoro wa kampasi ya seremala na maneno ya Kiholanzi "Als ik kan", yaani "kadiri niwezavyo". Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kubandika, ya rangi nyekundu, na baadaye ikawa ya kuchoma kwa chuma cha moto. Lakini karatasi hubandikwa na yeyote, hasa pakiwa na pesa. Watu wa soko hili hawausahau mwaka 1988, mwimbaji Barbra Streisand alipolipa dola 363,000 mnadani kwa kabati la vyombo lililotoka kwenye nyumba ya Gustav mwenyewe. Vitu vya kawaida haviko huko. Hata hivyo, kitanda chenye nembo halali tulichokiona kwa macho yetu kilivuka dola elfu tano kabla sijamaliza kahawa yangu, na sisi tulikuwa nyuma ya ukumbi, mikono mifukoni.

Tukateremka daraja. Wakati ule viwanda vingi vidogo viliiga mtindo huu bila kuweka nembo, na baadhi vilikuwa na mafundi wazuri sana. Hapo jina halikusaidii, lazima ujue kusoma mbao. Bahati yangu, baba yangu ni seremala. Yuko Tanga, amestaafu kwa jina tu.

Nilimpigia kwa video nikiwa dukani, mbele ya kitanda kilichoandikwa dola 1,100.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Cha nani hicho?"

"Mwenyewe ameshafariki, vinauzwa vitu vya nyumba yake."

Akanyamaza kidogo. "Basi mtafukiza ubani. Sogeza simu kwenye nguzo. Zungusha. Zungusha tena."

Niseme kwanza alichokuwa anakitafuta. Mwaloni wa samani hizi hupasuliwa kwa namna yake: gogo hugawanywa robo nne, halafu kila robo hukatwa mbao zinazoelekea kwenye kiini cha mti. Mbao za namna hiyo hazipindi ovyo, na usoni zinatoa mabaka yanayong'aa kama mafuta juu ya mchuzi. Mabaka hayo ndiyo pambo kuu la mtindo wote. Lakini kwenye kipande kimoja cha mti yanatokea kwenye nyuso mbili zinazotazamana. Nyuso mbili nyingine zinaonesha nyuzi zilizonyooka tu.

Nguzo za kitanda kile zilikuwa na mabaka pande zote nne.

"Mti haufanyi hivyo, mwanangu," baba akasema. "Kilaze nione chini ya tendegu."

Nilimwomba mwenye duka ruhusa, tukakilaza. Chini ya tendegu, pale ambapo hakuna aliyewahi kupiga vanishi, palionekana kiini cha mti mwingine mweupe, laini, na kukizunguka kulikuwa na ngozi ya mwaloni nyembamba kama senti. Kona moja ilishaanza kubanduka. "Kimevishwa tu hicho," baba akasema, akaanza kuniuliza habari za mtoto.

Hapa inabidi niongeze kitu ambacho hata baba hakukijua siku ile. Mabaka pande nne peke yake si ushahidi wa ujanja. Kiwanda cha Leopold na John George kilijenga nguzo zake kwa vipande vinne vya mwaloni vilivyofumbatana kuzunguka kiini, makusudi ili kila uso uwe na mabaka, na hizo ni nguzo bora kabisa. Gustav naye alibandika nyuso za mwaloni kwenye baadhi ya nguzo zake. Ndiyo maana baba alitaka chini ya tendegu. Mwisho wa mbao ndio unaokwambia kama ni vipande vinene vilivyounganishwa na fundi anayejua kazi, au ngozi juu ya takataka. Usinunue kitanda ambacho muuzaji hakuruhusu kukilaza.

Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu. Tochi, futi kamba, kadi ya benki iliyokwisha muda. Ulimi wa mbao unaotokeza upande wa pili wa nguzo ni alama ya mtindo huu, na wapo wanaobandika kijikipande tu kwa nje kionekane kama ulimi. Nilikuwa napitisha ukingo wa kadi kuzunguka kile kilichotokeza: ulimi wa kweli umetoka ndani ya tundu, na usoni pake unaona vitobo vya mwisho wa mbao, cha kubandika kimekaa juu ya uso, kadi inaingia chini yake. Skrubu pia zinasema. Zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kutumika miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta, ama kitanda si cha zamani hivyo, ama kuna mtu amekifungua akakirudishia. La pili si kosa, ila uliza alikifungua kwa nini.

Rangi ilituchanganya zaidi. Mafundi wa wakati ule walikuwa wakiufungia mwaloni kwenye chumba chenye mvuke wa amonia. Amonia inakutana na tanini iliyomo ndani ya mti, mti unageuka kahawia wenyewe bila kupakwa chochote, na rangi inaingia chini ya uso. Matokeo yake ni kahawia yenye kina ambayo rangi ya kopo haifikii. Sasa anakuja mjukuu, anaona kitanda cha bibi ni cheusi, anakipiga msasa wa mashine mpaka kinakuwa cha njano, anapaka vanishi ya kung'aa, anaongeza dola 300 kwenye bei kwa sababu "kimekarabatiwa". Tuliviona vingi vya namna hii. Kingo zimeliwa na msasa zikawa mviringo, na ukikiangalia unasikitika. Kitanda kichafu chenye rangi yake ya asili kina thamani kuliko kilichosuguliwa, na uchafu mwingi hutoka kwa kitambaa, nta na subira.

Kimoja kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe. Bei dola 150, saizi sawa, maungo mazuri, mke wangu alikipenda. Rangi za majumbani zenye risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na ile nyeupe ilikuwa imepasukapasuka kama ya zamani kuliko hapo. Nuru alikuwa anaota meno na anaguguna kila ukingo anaoufikia. Vipo vifaa vya kupima risasi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na ningeweza kununua. Lakini kupima ni kazi ndogo; kuitoa rangi hiyo kwenye maungo bila kutimua vumbi lake nyumbani ni kazi kubwa na ya hatari. Tulikiacha. Mke wangu alikasirika njia nzima, na mimi pia.

Kunguni nao lazima wasemwe. Watu wanaona aibu kulitaja neno hilo dukani, na muuzaji naye anajifanya hajasikia. Usione aibu. Kunguni wanaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo "kitanda hiki hakijalaliwa muda mrefu" si jibu. Mulika tochi kwenye matundu ya skrubu, nyuma ya mchago, ndani ya nafasi ambazo kulabu za mifumbati huingia. Tafuta vidoadoa vyeusi kama vya kalamu, na maganda. Cha kwetu tulipokipata kilikaa kwanza gereji, nikapitisha mashine ya kunyonya vumbi na ya mvuke kwenye kila ufa kabla hakijavuka kizingiti. Mvuke si rafiki wa vanishi ya zamani, kwa hiyo pitisha kwenye ufa tu, usoni usiguse.

Sasa mifumbati, ambayo ndiyo ningeiweka juu ya yote baada ya futi kamba. Usishangae ukikuta mchago na ubao wa miguuni vinauzwa vizuri kabisa, lakini mbao mbili za ubavuni hazipo. Watu wa kizazi kilichopita walihamia kwenye fremu za chuma, wakauegemeza mchago ukutani, mifumbati ikaishia bandani au kwenye moto. Muuzaji atakwambia "utapata zingine kirahisi". Si kirahisi. Kulabu za chuma za kitanda kimoja haziingii kwenye nafasi za kingine, na kumlipa fundi wa hapa achonge mifumbati ya mwaloni na kufunga kulabu zinazofaa, tuliambiwa kuanzia dola 400. Na ikiwa ipo, hakikisha ni yake. Mafundi mara nyingi walipiga namba au alama kwenye maungo, mfumbati na nguzo yake vikiwa na alama ileile. Ukikuta alama zinapishana, pengine mtu amechanganya vitanda viwili.

Wapo pia wanaovigeuza vitanda vya full kuwa queen. Ikiwa wametengeneza mifumbati mipya mirefu na ile ya asili imefungwa kamba nyuma ya gari, sawa, siku yoyote unairudisha. Ikiwa wameukata mchago katikati na kutia kipande, achana nacho, hata kama wameficha vizuri.

Tulikipata mnadani, mji mdogo kwenye barabara ya Route 20. Full, hakina nembo, mifumbati yake ipo na namba zinalingana, nguzo nene za kipande kimoja zenye mabaka pande mbili tu kama Mungu alivyoumba. Mnada ulikuwa na picha mtandaoni, nami nilikuwa nimeshaomba picha za nyuma ya mchago na za kulabu, wakanitumia bila shida. Tulikubaliana na mke wangu tusipite dola 750. Palikuwa na mzee mmoja mbele aliyekuwa akiinua kidole bila hata kugeuka, na kila alipoinua nilihisi ananiibia kitu changu. Ilifika 700, mzee akatikisa kichwa. Nyundo ikagonga.

Bei ya nyundo si bei unayolipa. Nyumba ile ya mnada inaongeza asilimia 25 juu ya bei kwa mnunuzi, kwa hiyo 700 ikawa 875. Kodi ya mauzo ya asilimia 8 ikapigwa kwenye jumla hiyo: 70 nyingine, tukafika 945. Masharti hayo yaliandikwa wazi na tulishayasoma, lakini kuyasoma na kuyalipa ni mambo mawili. Ukipanga kikomo chako, kipange kwa kuanzia mwisho: una jumla ya kiasi gani mfukoni, toa kodi, toa asilimia yao, kinachobaki ndicho kidole chako kinachoruhusiwa kusema.

Msafirishaji tulimpata kwa tangazo, dola 120. Alifunga mchago vizuri kwa mablanketi, kisha mifumbati akaitupa sakafuni mwa gari na kuweka kabati la mtu mwingine juu yake. Kulabu moja ilivunjika. Chuma cha kusubu si kama nondo, huwezi kukipeleka kwa mchomeleaji yeyote wa mtaani; tulitafuta kulabu ya zamani inayofanana na kumlipa fundi aifunge, jumla dola 85. Msafirishaji alisema ilikuwa imeshapasuka tangu mwanzo. Picha nilizoomba mnadani zilionesha nzima, nikamtumia, hakujibu tena. Laiti ningeibeba mifumbati kwenye gari letu. Ilikuwa inaenea kabisa ukilaza kiti cha mbele.

Chaga tulichonga wenyewe kwa mbao za dukani, dola 60, tukaziachia nafasi isiyozidi inchi 3 na kuweka mguu wa katikati, kwa sababu magodoro ya siku hizi ni mazito na dhamana yake mara nyingi inadai hivyo. Godoro la full bado linauzwa kila duka, na hilo peke yake lilitufanya tuvipite vitanda vya robo tatu vilivyokuwa rahisi zaidi, kwani magodoro yake ni ya kuagiza. Tulichukua la unene wa inchi 10 kwa dola 480, bila lile boksi la springi la chini. Tulipojaribu boksi na godoro nene pamoja, mchago wote ulifichika na mke wangu akawa anapanda kitandani kwa kuruka.

Jumla ni dola 1,690. Kwa fedha hiyo unapata kitanda kipya cha heshima dukani, na rafiki yetu mmoja, Mkongo, hajaacha kutukumbusha. "Yaani mmelipa hizo zote mkalale kwenye kitanda cha marehemu?" Ubani tulifukiza. Baba alitaka nimpigie video tena nimwoneshe kikiwa kimesimama, na sasa anadai vipimo vya nguzo na mteremko wa mchago ili akichonge kwa mninga. Nimemtumia kwa inchi. Yeye anataka nipime upya kwa sentimita.

Zimebaki meza mbili za pembeni. Mwezi wa nane pale Bouckville, kwenye Route 20 hiyohiyo, mashamba yanajaa mahema ya wauza vitu vya kale wiki nzima. Tumepanga kwenda siku ya mwisho, mchana, wakati wauzaji wanafikiria kazi ya kupakia mzigo kuurudisha nyumbani na bei zinaanza kulegea. Pikapu ya shemeji nimeshaiomba.